Kazi Ingali Mkononi



Nimeombwa nizungumzie sanaa ya nguo na vikundi vinavyoifanya. Nitashika jambo moja tu, kwa sababu naona ndilo linalosahauliwa: saa ile mtu anapoitoa kazi yake kabla haijaisha, akaiweka mbele ya wenzake na kuwaambia, tazameni. Naamini kikundi cha washonaji hupimwa kwa saa hiyo. Sare, mauzo, maonyesho na akaunti ya benki vinaweza kuwepo na kikundi kisiwepo. Kazi zisizokwisha zikipita mkono kwa mkono bila hofu, kikundi kipo, hata kama kinakutana uani na hakijasajiliwa popote.

Kwa nini niseme hivi juu ya uzi, nisiseme juu ya sanaa nyingine? Mchonga mlango patasi ikimteleza, mbao imekwenda. Mfinyanzi akishatoa chungu motoni, ufa ni wake mpaka mwisho. Mshono hufumulika. Hiyo ni rehema kubwa ambayo mafundi wengine hawanayo. Lakini hufumulika kwa gharama, na gharama hupanda kila siku. Kosa la Jumatatu linalofumuliwa Jumanne ni dakika chache za kazi. Likigunduliwa mwezi wa pili, juu yake kumejengwa mambo mengi ambayo hayana kosa na hayana budi kung'olewa nalo. Kwa hiyo ninapotetea kazi kuonyeshwa mapema natetea usingizi wa watu na macho ya watu, kabla sijafika kwenye sanaa yenyewe.

Chukueni kofia ya mkono, ile ya viua inayoshonwa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, ambayo ndugu zetu wa Omani huiita kumma. Ina vipande viwili: duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kila kipande ni tabaka mbili za kitambaa cha pamba. Mchoro hutangulia, na mara nyingi mchoraji ni mmoja na mshonaji ni mwingine. Kisha mshonaji hufuata mistari, hutoboa vitundu vidogo, na kila kitundu hukizungushia uzi ukingoni mpaka kisimame. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, na mwenye watoto na jiko humchukua miezi.

Sasa, uzi ukibanwa kupita kiasi, kitambaa hujivuta upana wa unywele. Unywele mmoja hauonekani. Ila ukanda una vitundu vingi mno, kila kimoja na unywele wake, na ukifika mwisho, ukanda uliopimwa vizuri kwa kichwa cha mtu unamkaba kipajini. Mshonaji haoni hatua kwa hatua, kwa sababu jicho lake liko kwenye kitundu alichokishika. Wa kuona ni mwingine.

Niliwahi kukaa barazani Unguja na wanawake wakishona baada ya alasiri. Msichana mmoja alikuwa amefika kama robo ya ukanda wake. Mama mtu mzima aliyekaa ubavuni mwake aliuchukua, akaupindua, akautazama kwa ndani. Upande wa nje hakuushughulikia kabisa. Akaupitishia kidole gumba taratibu, akaulaza juu ya goti, akaunyoosha kwa viganja.

“Mwanangu, hapa ulikuwa na haraka.”

“Nilishona usiku, bibi.”

“Basi uzi umeubana. Fumua kutoka hapa mpaka hapa. Kule nyuma kuache, kuzuri.”

Msichana akachukua wembe, akaanza kukata uzi mmoja mmoja. Wenzake hawakuinua hata macho.

Nimekuwa nikiyatafakari maneno yale machache. Yule mama aliangalia ndani kwa sababu ndani ndiko kazi inakosema kweli; nje imeshapambwa ili ipendeze. Kosa aliliwekea mipaka, kutoka hapa mpaka hapa, ili mtoto asidhani kazi yote imeharibika. Na kizuri alikitaja akionyesha mahali pake, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kusema “hongera” kwa jumla. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa kule nyuma kuzuri anajua mkono wake uende vipi kesho: urudie ule wa kule nyuma. Aliyeambiwa hongera tu hana la kurudia.

Na lile la wenzake kutoinua macho si dogo. Kufumua pale barazani lilikuwa tendo la kawaida, kama kutia uzi sindanoni. Mahali ambapo kufumua kunaleta vicheko, watu watashona makosa yao mpaka mwisho na kuyaficha kwa bitana.

Wasukaji wa ukili wanalijua hili kwa njia yao. Mkeka hausukwi mzima. Ukindu huanikwa, huchanwa kuwa chane, zinazotakiwa rangi huchemshwa na rangi, halafu husukwa ukanda mrefu unaokunjwa mzingo, nao ndio ukili. Mwanamke huenda nao: anausuka akiongea, akingoja sufuria ichemke, akimtazama mgonjwa. Baadaye kanda zile huungwa kwa sindano ya shazia, ukingo kwa ukingo. Ikiwa wanawake wawili wamesuka ukili wa mkeka mmoja, na mkono wa huyu ni mkavu na wa yule ni mlegevu, siku ya kuunga kingo hazitakutana; mkeka utainuka mawimbi na hautalala sakafuni. Hakuna dawa wakati huo. Ndiyo maana wasukaji wanaojua kazi hulinganisha mizingo yao mapema, pima moja kwa moja nyingine, ingali mifupi. Kwao kuonyeshana si adabu tu. Mkeka wenyewe unadai.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali na pwani yetu, ingawa pamba ya upande ule iliwahi kutuvika. Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, Mto Alabama hujikunja sana, na ndani ya kunjo hilo kuna kijiji kinachoitwa Gee's Bend, ambacho jina lake rasmi ni Boykin. Mwanzoni mwa karne ya 19 lilikuwa shamba la pamba la Joseph Gee. Mwaka 1845 likaingia mikononi mwa Mark Pettway, na hadi leo wazawa wengi wa watumwa wa shamba lile wanaitwa Pettway. Miaka hiyohiyo meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikishusha Unguja marobota ya marikani, nguo ambayo watu wa pwani na bara waliivaa na hata kuitumia kama fedha kwenye misafara. Ilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Wanawake ninaowazungumzia, basi, ni wajukuu wa watu waliolima nguo za babu zetu.

Wanawake hawa hushona mifarishi. Mfarishi una tabaka tatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa cha kushikilia. Nyumba zao zilikuwa za mbao zilizojaa nyufa, baridi ya Januari ilipenya, na mfarishi ulikuwa wa kujifunika kwanza kabla haujawa wa kutazamwa. Viraka vilitoka kwenye suruali na mashati ya shamba yaliyochakaa na kwenye magunia. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alizikata nguo za kazi za marehemu akazishona mfarishi, na binti yake Arlonzia alimsaidia. Ukipata nafasi ya kuona mifarishi ya nguo za kazi, hata katika picha, tafuta vipande vya jinzi. Utaona pembe ndogo yenye buluu iliyoiva mahali palipokuwa na mfuko, na pande zote za pembe hiyo buluu imepauka kwa jua na sabuni. Mshonaji hakuificha, aliiweka katikati ya kazi yake.

Ila kilichonishika zaidi ni mpango wao wa kugawana kazi. Tabaka la juu kila mwanamke hulipanga nyumbani kwake, peke yake, kwa akili yake. Hapo hakuna anayemwambia weka nyekundu, toa kijani. Akiisha kuunga viraka ndipo huwaita wenzake. Tabaka tatu hutandazwa kwenye fremu ya mbao, wanawake huketi pande zake, na kuzishona pamoja kwa bandi huku wakiimba nyimbo za kanisa na kuzungumza. Kwa hiyo kazi moja ina sehemu mbili: ya mwenyewe, ambayo haiguswi, na ya wote, ambayo mtu mmoja akiifanya peke yake itamchosha mpaka aichukie. Wakati wenzake wanaketi penye fremu, mfarishi bado haujawa mfarishi. Wanauona ukiwa nusu, wanaugusa, wanauzungumza.

Na ilikuwapo njia nyingine ya kuonyeshana: kamba ya kuanikia. Mifarishi ilipotolewa nje kupigwa jua, ilitundikwa kwenye kamba ikaonekana kutoka nyua zote. Jirani alipita, akatazama, akaenda kwake na wazo. Hakuomba ruhusa na hakunakili. Mtindo wao wa miraba ndani ya miraba, unaoitwa Housetop, umeshonwa kizazi baada ya kizazi katika kijiji hicho kidogo, na bado kila mfarishi ukiutazama unajua umetoka mkono tofauti. Mimi naliona hilo kuwa ushahidi wa nguvu kuliko hoja yoyote. Watu wanaoonana kazi kila siku hawafanani. Wanaofanana ni wale wanaonakili picha moja ya kazi iliyokwisha.

Mwaka 1966, katika siku za harakati za haki za Wamarekani Weusi, wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee, kwa msaada wa kasisi Francis X. Walter. Kazi zao zikauzwa New York. Fedha ilifika kwa watu ambao baadhi yao walikuwa wamefukuzwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura, na yeyote anayeudharau ushirika ule kwa kuwa ulifanya biashara hajui njaa. Pamoja na hayo ushirika ulibadili namna ya kutazamana. Duka linapoagiza, linataka ya leo ifanane na ya jana. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliagiza foronya za kodrai, kile kitambaa chenye mistari ya manyoya, na kazi ikawa ya kipimo kimoja. Sasa mwenzako alipoitazama kazi yako alikuwa anailinganisha na sampuli. Swali halikuwa tena “unakwenda wapi na hii?” bali “imelingana?”

Yaliyofuata yananipa moyo. Mabaki ya kodrai yalichukuliwa nyumbani, ya dhahabu, ya kijani, ya hudhurungi, na humo majumbani wanawake wakayaunga kwa njia zao wenyewe. Baadhi ya mifarishi inayosifiwa sana ya Gee's Bend ni ya mabaki hayo. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha Whitney mjini New York, na mwaka 2006 ikachapishwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Vikundi vyetu vya kushona vinavyoishi kwa oda viko palepale ushirika ule ulipokuwa wakati wa oda ya Sears. Mkaguzi wa oda tunamhitaji. Mfuko wenye zipu inayokwama haufai hata ukiwa na rangi za peponi. Lakini ukaguzi si utazamaji, na mtu anayedhani amefanya la pili kwa kufanya la kwanza analiua kundi lake polepole. Ninavishauri vikundi vitenge siku. Siku ya oda, ukaguzi. Siku nyingine, kila mtu alete kazi ambayo hakuna aliyeiagiza.

Najua kuna mnaosema kimoyomoyo: nikionyesha mchoro wangu haujaisha, kesho nitauona sokoni kwa jina la mwingine. Hofu hiyo ina msingi. Hata Gee's Bend, baada ya sifa zote zile, baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani mwaka 2007 wakidai hawakupata haki yao katika kazi zao, na kesi zikamalizwa mwaka uliofuata kwa maelewano. Hapa kwetu nimeona mchoro wa mwanamke mmoja ukichapishwa kwenye mifuko ya kuuzia watalii bila yeye kuulizwa. Siwezi kuwaambia msiogope.

Ninachosema ni kwamba anayeonyesha kwa wenzake anajipatia mashahidi. Mchoro uliofichwa kabatini ukiibiwa siku unapotoka, nani atasimama aseme ulikuwa wako? Mchoro ambao watu kumi waliuona ukiwa na penseli tu, kisha ukiwa na mshono wa kwanza, kisha ukiwa nusu, una historia. Kikundi kiweke daftari: picha ya kazi, tarehe, jina la mwenyewe, sahihi ya mwenzake. Ni kazi ya dakika mbili. Na tutofautishe mali ya mtu na mali ya wote. Viua vya kale na milia ya mikeka tuliyorithi haina mwenyewe. Anayeikataza kwa wengine anadhulumu. Lakini mpangilio ambao fulani ameutoa kichwani mwake ni wake, na mwenzake akitaka kuutumia amwambie.

Kuna pia hofu ya jicho. Wazee wetu wengi hawapendi kitu kisichokwisha kionekane, iwe nyumba, iwe mimba, iwe nguo ya harusi. Sitaingia kuipima imani hiyo, na simlaumu anayeishika. Ila nimeona wanaoishika wakipata njia: hawaonyeshi kwa kila mpitaji, wanaonyesha kwa watu waliowachagua, na mtazamaji husema mashallah kabla ya kusema lolote. Hiyo kwangu ni desturi nzuri sana ya kikundi chochote. Kumchagua anayetazama, na mtazamaji kuanza kwa kutamani heri, kunafaa kwa mwenye imani ile na asiye nayo.

Nitataja Chile kwa kifupi, kwa sababu huko kuonyeshana kulikuwa jambo la hatari. Baada ya jeshi kutwaa serikali tarehe 11 Septemba 1973, wanawake wengi wa Santiago walipotelewa na waume na watoto wao, wengine wakabaki na waume wasio na kazi. Chini ya hifadhi ya Kanisa Katoliki, hasa Vicaría de la Solidaridad iliyoanzishwa mwaka 1976, walikutana katika warsha na kushona picha za vitambaa juu ya kitambaa cha gunia, ziitwazo arpillera: vibanda, foleni za chakula, mama ameshika picha ya mwanawe. Kazi hizo ziliuzwa nje ya nchi kwa siri. Katika warsha wenzako waliiona kazi kabla haijaondoka, na mshono uliolegea ulirudishwa kwa mwenyewe. Hebu fikirieni uzito wa kurudisha kazi kama hiyo. Humwambii mtu kwamba maua yake yamepinda. Unamwambia kwamba mwanawe aliyetekwa, ambaye amemshona kwa kipande cha shati, hajashikizwa vizuri na atabanduka njiani. Waliambiana hivyo, kwa upole, wakashona upya. Mnaodhani kuwa huruma ni kunyamazia kosa, waangalieni wanawake wale.

Sasa simu. Kila kikundi kina kundi lake la WhatsApp, na humo kazi hutumwa asubuhi na jioni. Nafurahi, kwa sababu binamu aliye Muscat au Toronto anaona kofia inayoshonwa Ng'ambo ya Unguja. Tatizo ni kwamba picha huonyesha nje, na huonyesha pembe ambayo mpigaji ameichagua. Haipinduki. Haina goti la kuilaza. Majibu yake ni maua na viganja vya kupiga makofi. Mtu anatuma kazi akiwa na shaka moyoni, anapata makofi arobaini, na shaka yake inabaki palepale, sasa ikiwa na aibu juu yake, maana atawaambiaje watu waliokwisha kumshangilia kwamba anataka kufumua? Anayetuma picha basi atume mbili, ya nje na ya ndani, na aandike anachouliza. “Pembe hii inanisumbua, tazameni mshono wa tatu.” Atapata jibu, kwa kuwa watu wengi hunyamaza si kwa kukosa la kusema, ila hawajui kama wameruhusiwa.

Ndiyo maana naona mwenye kazi ndiye afungue mazungumzo. Aseme anakoelekea. Bila hivyo mtazamaji atairekebisha kazi iwe kama yake yeye, na nimeona vijana wenye vipaji wakirudishwa nyuma na watu wema kwa njia hiyo hiyo. Kijana aliyeacha nafasi tupu kwenye kitambaa huambiwa ajaze, kwa kuwa anayemwambia ni mtu wa kujaza. Aulizwe kwanza: umeacha hapa kwa makusudi? Akisema ndiyo, ushauri uwe wa kuifanya nafasi ile ikae vizuri. Akisema hajui, hapo kuna mazungumzo ya jioni nzima, na ndiyo matamu zaidi.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaoandaa maonyesho, nanyi baadhi mmo humu. Tunatundika kazi ukutani, zimepigwa pasi, zimewekewa bei, na mgeni anatoka akidhani sanaa hii ni ya watu wenye mikono isiyokosea. Tengeni meza moja katika kila maonyesho kwa kazi ambazo hazijaisha. Ziwekwe zimepinduliwa, sindano ikiwa ingali imechomekwa, penseli ikionekana, na mwenyewe akae nyuma ya meza aulizwe. Watoto wa shule wapelekwe kwenye meza hiyo kabla ya kupelekwa ukutani. Na mwenye kazi asilazimishwe kuimaliza kwa ajili ya siku ya mwisho ya maonyesho. Aondoke nayo jinsi ilivyo, akaendelee nyumbani.